Ni Nani Aliyepigwa?

Katika vibanda vya gemu vya Port Bell watu hubadilisha viambishi vya nafsi bila kujua, na nadhani katika kubadilisha huko mna suala la maadili. Kijana anayeshinda husema "nimempiga". Mpe mhusika asiyemzoea, apigwe, naye atasema "huyu hapigi", "huyu haruki", "amekataa". Mikono ni ile ile, padi ni ile ile, benchi ni lile lile. Kilichobadilika ni ni- kuwa a-. Swali langu ni kama ana haki ya kukibadilisha.

Kwa msomaji asiyepajua, Port Bell ni bandari ya Kampala kwenye Ziwa Viktoria, upande wa Luzira. Jina lake linatokana na Hesketh Bell, Mwingereza aliyeitawala Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna reli inayofika hadi gatini, kuna meli za kubeba mabehewa zinazovuka kutoka Mwanza, kuna kiwanda cha bia, kuna gereza, na katikati ya vyote hivyo kuna vijana wengi wasio na la kufanya Jumapili mchana. Lugha ya barabarani ni Luganda. Lakini mabaharia wa Mwanza wanaposhuka, Kiswahili nacho hupata nafasi yake, na mwanafunzi wa Kampala anayetaka kukisikia kikisemwa pasipo mwalimu hana safari ndefu. Luganda nayo ina viambishi vya nafsi kama Kiswahili, kwa hiyo ninayoyasema hapa husikika kwa lugha zote mbili.

Gemu zinazochezwa humo nyingi ni za mpira. Kibanda kimoja, karibu na barabara iendayo bandarini, kina pia Injustice 2, iliyotoka mwaka 2017, kazi ya kampuni ya NetherRealm ya Chicago. Humo mashujaa na maadui wa vitabu vya katuni vya DC hupigana wawili wawili: Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Joker na wenzao. Pambano moja ni shilingi 500, na anayelipa ni aliyeshindwa. Sheria hii ya malipo ndiyo inayofanya viambishi viwe na uzito. Ukisema "amepigwa" huku mkono wako ukiingia mfukoni, kuna jambo haliendi sawa.

Hata kitenzi chenyewe kina utata. Vijana husema "namchezea Flash". Walimu wetu watatuambia hii ni kauli ya kutendea, nao watakuwa sahihi, ila kauli hiyo inabeba maana mbili hapa. Mchezaji wa mpira anayechezea KCCA anaitumikia KCCA. Jasho lake ni lao. Lakini anayemchezea mtu pia anamfanyia mzaha, anamgeuza kitu cha mkononi. Kwa hiyo "namchezea Flash" ni kumtumikia au ni kumtumia? Anayemfahamu mhusika wake hahisi tofauti. Tofauti huhisiwa siku ya mhusika mgeni.

Na siku hiyo ipo. Mwenye kibanda, kwa sababu zake za kibiashara, ameweka utaratibu wa Jumapili: mashine ndiyo inayochagua. Yuko kijana mmoja ambaye kwa wiki nzima hachezi mwingine ila Flash, naye hushinda karibu kila mtu. Jumapili moja mashine ikampa Swamp Thing, yule jitu wa matope na majani. Pale kibandani wanamwita Gugumaji. Jina hilo halikutoka hewani. Katika miaka ya 1990 magugumaji yalifunika ghuba za ziwa letu, Port Bell ikiwemo, hata meli zikapata taabu kuingia na kutoka, mpaka mashine za kuyavuna na wadudu wadogo aina ya fukusi walipoyapunguza. Wazee wa Luzira wanakumbuka bandari iliyogeuka shamba. Vijana wanakumbuka kwa kusimuliwa, nao wakalitoa jina.

Ni vigumu kumweleza asiyecheza jinsi hali ile inavyokuwa. Flash ni mwepesi: kidole kikigusa kitufe, ngumi imeshafika. Gugumaji ni mzito. Kidole kinagusa, halafu kunakuwa na kitambo, mwili mkubwa unajikunja, mkono unainuka, na wakati huo adui ameshapiga mara mbili. Kijana yule hakuwa mjinga wala mlegevu. Alikuwa anawahi. Kila alichokifanya kilikuwa sahihi kwa mwili mwingine. Alikimbilia mbali na adui mahali ambapo Gugumaji anataka kukaribia na kukamata. Aliruka mahali ambapo Gugumaji anapaswa kusubiri. Hata ukumbi wenyewe ulimgeuka. Katika gemu hii vitu vikubwa vilivyomo ukumbini havina maana moja kwa wote: wenye nguvu kama Superman hukinyanyua kitu na kumtupia adui, na wepesi kama Catwoman hukitumia kujirusha. Kitu kimoja, kwa huyu ni jiwe, kwa yule ni ngazi. Kijana alikuwa bado anaona ngazi.

Akapigwa mara tatu. Shilingi 1,500. Na kila mara alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Huyu anachelewa." Wenzake wakacheka, si kwa sababu amepigwa, maana kila mtu hupigwa, bali kwa sababu siku sita zilizopita alikuwa anasema "nina kasi".

Jibu la haraka tunalo katika methali: mchagua jembe si mkulima. Mhodari ni mhodari kwa chombo chochote, na anayelaumu chombo anaficha uvivu. Naiheshimu methali hii lakini hapa naona inapita upande. Inachukulia kwamba majembe yanatofautiana kidogo, mpini mrefu au mfupi, na kwamba ukulima ni ule ule. Flash na Gugumaji si majembe mawili. Ni jembe na wavu. Mkulima hodari aliyepewa wavu leo asubuhi, akaambiwa alete samaki jioni, hatumwiti mchagua jembe akilalamika.

Basi jibu la pili: kosa ni la mhusika. Na wakati mwingine ni kweli, tusijifanye. Watengenezaji wa gemu za aina hii huwarekebisha wahusika wao baada ya kuwatoa, wakampunguza huyu nguvu na kumwongezea yule, na wasingefanya hivyo kama wote wangekuwa sawa tangu mwanzo. Lakini pale kibandani jibu hili liliangushwa na baharia mmoja wa Mwanza, mtu wa makamo, mpole, anayengoja meli yake ipakie. Yeye humtafuta Gugumaji kwa hiari. Hana haraka. Anasogea hatua moja, anangoja, anasogea tena, na ukishaingia katika mikono ile mirefu hutoki. Kijana wa Flash alikuwa amekaa pembeni akiangalia. Mhusika aliyesema "anachelewa" hakuwa anachelewa. Alikuwa anafika kwa wakati wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile "nina kasi". Nani alikuwa na kasi? Flash ndiye mwenye kasi; aliandikwa hivyo. Kijana aliikopa, akaivaa, na kwa kuwa ilimkaa vizuri akasahau kwamba ni ya kukopa. Mhusika mgeni alikuja kama mwenye mali kudai chake. Sisemi kwamba kijana hakuwa na ustadi wowote wa kwake. Nasema kwamba ni- ya mtu anayeshinda kwa wepesi inabeba vitu vingi visivyo vyake, na hatuwezi kujua ni vingapi mpaka avuliwe. Watu wa kibandani wanaogopa ni- ya kushindwa. Mimi ninayeishuku zaidi ni ile ya kushinda.

Kuna kichekesho hapa ambacho wengi wa wachezaji hawakijui. Swamp Thing alibuniwa mwaka 1971 na Len Wein na Bernie Wrightson, na kwa miaka mingi hadithi ilikuwa kwamba yeye ni mwanasayansi, Alec Holland, aliyegeuka mmea baada ya mlipuko. Mwaka 1984 Alan Moore, aliyekuwa ameshika kalamu wakati huo, akaipindua: Holland alikufa zamani. Kilichobaki ni mimea iliyomeza kumbukumbu zake na kuamini kwamba ni yeye. Yaani Gugumaji mwenyewe alikuwa anasema ni- pasipo haki, kwa uaminifu wote. Na jina lake kwa Kiingereza linamwita kitu. Tungelitafsiri jina hilo angeingia ngeli ya ki-vi, "kitu kimepiga". Lakini hakuna hata mtoto mmoja pale anayesema hivyo. Wote husema "amepiga". Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alijaribu kuonyesha falsafa ya Wabantu kupitia ngeli za Kinyarwanda: mtu, kitu, mahali, namna. Nadhani aliiamini sarufi kupita kiasi. Sarufi yetu humpa nafsi yeyote anayetembea, hata wa matope.

Nirudi kwenye lawama. Kisa cha gemu ya kwanza, Injustice: Gods Among Us ya mwaka 2013, kinaanza na jambo hili hili. Joker anamhadaa Superman. Anamlewesha kwa sumu hata Superman anamwona mkewe, Lois Lane, kama jitu adui, naye anampiga hadi kumuua. Na kufa kwa Lois kunalipua bomu linaloangamiza mji mzima wa Metropolis. Kwa Kiswahili neno ni moja tu: Superman amechezewa. Ngumi ni zake, padi ilikuwa kwa mwingine. Hapo a- ina haki kamili. Superman anamuua Joker, kisha anaanza kuutawala ulimwengu kwa mkono wa chuma ili jambo kama lile lisitokee tena. Mimi nasoma kisa hicho hivi: aliitupa hesabu yote upande wa Joker, na kwa kuwa hakubakiwa na chochote cha kwake cha kuhuzunikia, alibakiwa na watu wa kuwadhibiti.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika maandishi yake juu ya bahati na maadili ya mwaka 1976, alitoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote. Hakulewa, hakukimbiza gari, breki zilikuwa nzima. Wote tutamwambia "si wewe", na tutakuwa tunasema kweli. Lakini dereva akikubali haraka mno, akisema "ni kweli, si mimi" na kuondoka zake, tutamwona ana upungufu. Kuna majuto ambayo ni ya mtendaji peke yake, hata pasipo hatia. Aliyekuwa amesimama kando ya barabara hawezi kuyabeba kwa niaba yake, hata akilia zaidi.

Kwa Kiswahili jambo hili tumelifanya gumu sisi wenyewe, kwa sababu ya kitenzi kimoja. "Nimekosa" ni nimelenga nisipate. "Nimekosa" ni sina. "Nimekosa" ni nimetenda ovu, nisamehe. Mpigaji aliyekosa shabaha, maskini aliyekosa nauli na mwana aliyemkosea mama yake wanatumia shina moja. Si ajabu kijana anakwepa ni-: akisema "nimekosa" anahisi anaungama. Anachotakiwa kusema ni kidogo zaidi ya hapo. Ni kwamba mkono uliokosa ni wake, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuurekebisha. Lawama inaweza kugawanywa: kidogo kwa mashine iliyochagua, kidogo kwa mwenye kibanda, kidogo kwa Chicago. Kazi ya kurekebisha haigawanyiki.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga hapa, na pingamizi lake si dogo. Utawajibikaje kwa usichoweza bado? Kuwajibika kunahitaji uwezo. Na uwezo ndio ule kijana hana, ndiyo maana tunamwita mgeni. Aristotle alikutana na fundo hili katika kitabu chake cha maadili: tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu, kama vile wajenzi wanavyokuwa wajenzi kwa kujenga, sasa asiye mwadilifu ataanzaje kutenda uadilifu? Alijibu, kwa ufupi, kwamba tendo la mwanzo linaweza kufanana na la fundi bila kufanywa kama fundi anavyolifanya. Mimi naongeza la kibandani: kati ya tendo bovu na tendo la fundi kuna tendo bovu lililodaiwa na mwenyewe. Hilo mtu analiweza tangu siku ya kwanza. Haliombi ustadi, linaomba kiambishi tu. Jumapili ya tatu au ya nne yule kijana, akiwa amepewa Gugumaji tena na kupigwa tena, alisema "nimewahi". Hakusema "amechelewa". Tukio ni lile lile kwenye kioo, lakini "amechelewa" halina la kufanya baada yake, na "nimewahi" linakuambia usubiri kidogo. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Sidhani walingoja kwanza ajue kulima.

Ningeweza kuishia hapo kama hili lingekuwa suala la gemu tu. Lakini sisi tunaosoma Kiswahili mjini Kampala tunaishi na sentensi moja ambayo sarufi yake ni ile ile ya kibandani: "Kiswahili kilitupiga." Wazazi wetu wanaisema kwa maneno mbalimbali. Kiswahili ni lugha ya askari, ni lugha ya wezi, ni lugha ya vizuizi vya barabarani. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni, King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na mengi yaliyofanywa na askari wake yalifanywa kwa amri zilizotamkwa kwa Kiswahili. Mwaka 1979 askari wa Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nao waliomwondoa Amin waliingia Kampala, nao wakiwa wanasema lugha hiyo hiyo. Mhusika mmoja, mikono tofauti. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Waganda wengi bado wanakishika kama kijana alivyomshika Gugumaji Jumapili ya kwanza: "kinakataa", "kizito", "si chetu".

Kwa hoja niliyokwisha kuijenga, jibu lingekuwa rahisi. Lugha haipigi. Waliopiga ni watu, wana viambishi vyao, wadaiwe wao. Nimewahi kusikia wenzetu wakisema hivyo katika mijadala, kwa kujiamini, na kama sarufi wako sawa. Ila sioni kwamba ni haki yetu kuisema sentensi hiyo mbele ya aliyepigwa. Inafanana mno na "si mimi" ya dereva wa lori. Mimi nimezaliwa baada ya yote hayo na sikumpiga mtu. Lakini nimeichagua lugha hii kwa hiari, wala haikuchaguliwa na mashine, na ninapoinufaikia, kwa alama, kwa kazi ninayotumaini kuipata, kwa mazungumzo na mabaharia, nasema ni- bila kusita: ninajua, ninasema, ninafundisha. Siwezi kuchukua ni- hiyo na kuiacha ile nyingine gatini kama mzigo usio na mwenyewe.

Kuna bibi mmoja anauza samaki wa kukausha karibu na kituo cha bodaboda. Akisikia Kiswahili hushusha sauti yake, na macho yake huenda kwenye mikono ya msemaji kabla hayajafika usoni. Anakielewa chote, nimemsikia akihesabia mabaharia chenji kwa Kiswahili safi kuliko changu. Mimi humsalimu kwa Luganda, nikipiga goti kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani, nikiuliza habari za watu wake. Kisha nangoja. Siku nyingine anajibu na tunaendelea kwa Luganda mpaka samaki wafungwe. Siku nyingine yeye ndiye anayebadilisha, ananiuliza kwa Kiswahili tunasoma nini huko chuoni, nami najibu taratibu.